Tunda la Kachi

Kengele ya kanisa letu haipigwi tena alfajiri.
Wageni wa kutoka Seoul, waliojenga nyumba za vioo
ng'ambo ya kijito, walilalamikia usingizi wao.
Siku hizi naamshwa na goti la kulia
ambalo halijawahi kuchelewa ibada.

Napanda kilima na tochi. Tupo saba; zamani wanane.
Tunaomba kwa sauti, wote kwa pamoja,
kila mtu na lake, kama mvua kwenye bati,
na Mungu, nadhani, huketi akachambua.
Kisha Sala ya Bwana. Nikifika penye deni
ulimi unakwama, mwiba wa samaki,
tangu mavuno, kisa Chun-ja.

Won laki sita, za mbegu na mbolea.
Kabichi zake zilipanda lori, nikaziona kwa macho yangu,
na kesho yake akaanza kupita njia ya nyuma.
Hata kanisani haji.

Nilishuka kilima.

Jalidi ilikuwa imelala juu ya kabichi za Deok-man,
zile zilizokosa mnunuzi,
kila jani limepigwa usiku kucha.
Na sisi tunaotia kimchi mtungini tunajua:
kabichi isiyoonja jalidi haikolei utamu.
Nikasema, Bwana, nimesikia,
ila hilo ni la Chun-ja. Mpige yeye.

Kijitoni, barafu ilikuwa imefunga nusu.
Chini yake maji yakinong'ona.
Se-hwan wangu alipopooza, akanyamaza miaka miwili,
niliinama hivi hivi, sikio kifuani pake,
nikitafuta sauti iliyojificha humo.
Nikasimama pale hadi vidole vikafa ganzi.
Sikupata fundisho lolote.
Nilimkumbuka tu mume wangu.

Jogoo wa Mal-lye akawika. Akawika tena.
Nikakaza mwendo, kama mwizi, nisingoje ya tatu,
maana nilikumbuka nilichojibu sokoni Jumamosi
mwenye duka la chumvi aliponiuliza:
"Chun-ja? Simjui sana huyo."
Simjui! Aliyembeba Gi-tae wangu mgongoni
siku tatu nilipokuwa na homa,
aliyemfunga Se-hwan kidevu kwa kitambaa chake mwenyewe.

Nikafika uani kwangu.
Mpersimoni umebaki mifupa, majani yote chini,
na kule juu matunda matano, mekundu,
taa ambazo mtu amesahau kuzima.
Gi-tae alipokuja kuchuma alitaka kuyamaliza.
Nikamwambia, acha hayo, ya kachi hayo.
Ndivyo walivyofanya mama zetu hata mwaka wa njaa,
na ndivyo mwenye shamba kule Bethlehemu
alivyoamuru masuke yaangushwe makusudi
ili mgeni wa Moabu aokote bila haya.

Kachi mmoja alikuwa juu, binamu huyo wa kunguru,
koti jeusi, tumbo jeupe, mkia wa kujisifu.
Anadonoa, anamwaga nusu chini,
anapiga kelele kama yeye ndiye aliyepanda.
Hata asante hana.
Nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikakatika:
ni nani aliyewahi kumwandikia kachi hati ya deni?

Daftari liko kabatini. Sikulichana,
nisijifanye malaika.
Nilipanga matunda sita bakulini, yale yaliyolainika,
nikashika njia ya nyuma,
ile ile yake ya kunikwepa. Ina matope. Sikujua.

Alikuwa kisimani na beseni. Akaniona, akaganda.
Maneno niliyoyaandaa njiani yote yakanitoka.
Nikaweka bakuli juu ya jiwe, nikasema,
"Ngazi za kanisa zina barafu.
Kesho uje na fimbo."
Akatazama matunda. Akatazama matope miguuni mwangu.
"Saa kumi na moja bado?" akauliza.
"Bado."

Kesho nitafika tena kwenye ule mstari.
Sijui ulimi utavuka wapi.
Labda nusu. Labda neno moja zaidi ya jana.